Sitkomu mpya yenye sura ya zamani: Waingereza wanagombania nini hasa?

Usiku wa Jumatatu tarehe 29 Aprili 2013, ITV ya Uingereza (siyo ITV yetu ya Mikocheni, ile ya kwao) walizindua sitkomu mbili mpya kwa mpigo (sitkomu ni komedi za runinga zenye wahusika walewale kila episodi), moja saa tatu kamili na nyingine nusu saa baadaye. Ya kwanza ni Vicious, humo wamo Sir Ian McKellen na Sir Derek Jacobi, vigogo wa jukwaa kabisa, wanacheza wazee wawili wapenzi walioishi pamoja karibu miaka 50 kwenye fleti ya London na kazi yao kutwa ni kutupiana maneno ya kuchoma. Imerekodiwa studio mbele ya watu, watu wanacheka, mlango unagongwa, jirani anaingia, watu wanacheka tena. Ya pili ni The Job Lot, kuhusu ofisi ya kutafutia watu ajira huko West Midlands, hiyo hamna kicheko kinachosikika hata kimoja, ukicheka umecheka mwenyewe hapo kwako.

Yaani kituo kimoja, usiku mmoja, watazamaji walewale, mitindo miwili. Na ugomvi wote ukaiangukia ya kwanza. Kuna waliosema hii aibu, imetolewa stoo ya miaka ya 70, utani unausikia unakuja toka mbali, waigizaji wakubwa namna hii wanapotezewa muda. Na kuna waliosema afadhali jamani, tumepata kitu cha kukaa na kucheka, nani kasema kila komedi siku hizi lazima ikuache na huzuni. The Job Lot haikumpandishia mtu presha. Ila angalia kilichofuata, misimu ya mbele ya The Job Lot ikahamishiwa ITV2, kituo cha pembeni, wakati Vicious ikabaki palepale ITV hadi ilipoagwa na episodi maalum mwaka 2016.

Hii kitu inajirudia kwao kila baada ya muda. Inatoka sitkomu mpya, sofa katikati, ngazi ya kupanda juu nyuma yake, mlango pembeni wa watu kuingilia bila kukaribishwa, na watazamaji wanagawanyika papo hapo. Ukiwasikiliza haraka haraka unadhani wanabishana kama inachekesha au haichekeshi, lakini mi naona mule ndani kuna ugomvi zaidi ya mmoja na kila mtu kakamata wake, ndo maana hawaelewani.

Tuanze na kicheko maana hapo ndo penye moto. Malalamiko ya wasioipenda mara nyingi yanaanzia hapo, kwamba hicho kicheko cha kubandika kinaudhi, kwani mimi siwezi kujua wapi pa kucheka mpaka niambiwe. Sasa kwa sitkomu nyingi za Uingereza hicho kicheko hakijabandikwa. Mashine ya kubandika vicheko ni kitu cha Marekani, fundi mmoja wa sauti aliyekuwa kituo cha runinga cha CBS, Charles Douglass, ndo aliitengeneza miaka ya 50, ina vicheko vya aina aina vimehifadhiwa ndani, yeye anabonyeza vitufe kama anapiga kinanda, hapa cheko kubwa la wanaume, pale mama mmoja anacheka kwa kujizuia. Waingereza walikuwa hawaipendi hiyo, hata komedi ya M*A*S*H ya Wamarekani ilipokuwa inaonyeshwa BBC ilirushwa bila kile kicheko. Wao mtindo wao ni kualika watu. Unaomba tiketi ya bure, unapanga foleni, unakaa kwenye viti vya ngazi kama uwanjani, mbele yako kuna seti mbili tatu zimepangwa ubavu kwa ubavu, jiko, sebule, baa, na juu yako maikrofoni zinaning'inia zikisubiri ucheke. Kuna mchekeshaji wa kuchangamsha watu wakati mafundi wanahamisha kamera, maana kurekodi nusu saa ya kipindi kunaweza kula jioni nzima. Scene zilizopigwa nje siku za nyuma mnaonyeshwa kwenye skrini, na cheko lenu mkiziangalia linarekodiwa nalo.

Usafi wa asilimia mia sitaki kuudai hapa. Muigizaji akikosea mstari scene inarudiwa, na mara ya pili utani ule watu wameshausikia wanacheka kwa adabu tu, kwa hiyo mhariri anaweza kuchukua cheko la mara ya kwanza akaliweka kwenye picha ya mara ya pili, mahali pengine anapunguza, mahali pengine anajazia. Ila watu walikuwepo na walicheka. Anayesema ni feki anakosea kuhusu chanzo, lakini anachokihisi yeye ni cha kweli, na hapa ndo pananivutia zaidi.

Ni hivi, muigizaji akisema mstari mbele ya watu 300 na wakaangua kicheko hawezi kuendelea, atameza maneno, kwa hiyo anasubiri. Anamtazama mwenzake, anakunywa chai kidogo, anainua nyusi, cheko likianza kushuka ndo anaingia na mstari unaofuata. Ukiwa umechekeshwa na wewe, huo muda huuoni kabisa. Ukiwa hujachekeshwa unaona mtu mzima kasimama sebuleni anasubiri kitu, na zile sekunde mbili ni ndefu balaa. Afu kuna meza. Angalia sitkomu yoyote ya studio familia inapokula, upande mmoja wa meza hauna mtu, wote wamejibana pande tatu kama picha ya kamati, maana upande wa nne zipo kamera na wapo wale watu 300 na haifai kuwapa mgongo. Taa nazo, zinamwaga mwanga kila kona kwa sababu kamera nne zinapiga kwa pamoja kutoka pembe tofauti, hamna nafasi ya vivuli. Mtu aliyezoea tamthilia za sasa zilizopigwa kwa kamera moja na mwanga wa dirishani anaona kitu hakiko sawa hata kabla hajasikia neno. Anakuja kusema skripti mbovu kumbe kilichoanza kumkera ni meza.

Kuna mwanasayansi wa Marekani, Robert Provine, aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, yeye alikuta kwamba watu wakiwa na wenzao wanacheka karibu mara 30 zaidi kuliko wakiwa peke yao. Sasa fikiria mchambuzi wa gazeti ametumiwa episodi kabla, anaitazama mchana peke yake kwenye laptop, kahawa pembeni, kazi tatu zinamsubiri. Na fikiria nyumba ya watu saba Krismasi, bibi yupo, watoto wapo, kuna mjomba ameshaonja kidogo. Ni kama ile derby ya Simba na Yanga ukiitazama kwenye simu chooni na mwingine yuko kibanda umiza, mpira uleule, lakini ukiwauliza ilikuwaje utadhani wametazama mechi mbili. Sitkomu ya studio imetengenezwa kwa ajili ya yule wa kibanda umiza, ndo hadhira yake. Yule wa kwenye simu anasikia kelele za watu ambao hakualikwa kukaa nao.

Zamani ugomvi huu haukuwepo kwa sababu hapakuwa na mtindo wa pili wa kulinganisha. Sitkomu yao ilitoka redioni, Hancock's Half Hour ilianza redio mwaka 1954 ikaingia runinga ya BBC mwaka 1956, na redioni tayari kulikuwa na watu studio wanacheka, ikaonekana ndo utaratibu. Steptoe and Son, Dad's Army, Fawlty Towers, Only Fools and Horses, zote zina watu wanacheka nyuma. Hiyo Only Fools and Horses ilipofika episodi ya Desemba 29, 1996 ilitazamwa na watu milioni 24.3, nchi nzima imekaa. Hamna aliyeiita ya kizamani.

Kilichogeuza mambo ni miaka ya mwisho ya 90. The Royle Family mwaka 1998, familia imekaa kwenye makochi inatazama tivii na kuvuta sigara, hamna hadhira. Afu The Office mwaka 2001, kamera inatingishika kama ya dokumentari, bosi anasema upuuzi na kimya kinafuata, na kile kimya ndo utani wenyewe. Mwanzoni watu wengi hawakuielewa, ilipata watazamaji wachache. Baada ya muda ikawa ndo kipimo, ukitaka uonekane mtu wa komedi ya maana unaondoa kicheko, unaweka ukimya na aibu. Toka hapo kicheko kikageuka alama ya daraja, ya kimya ni ya wenye akili na ya kicheko ni ya wale wengine. Hiyo hukumu mi naiona ya uvivu sana, ila ilishika.

Ndo maana Miranda ilipokuja BBC Two mwaka 2009 ilionekana kama uchokozi wa makusudi. Miranda Hart anaanguka ovyo, anaigeukia kamera na kutukonyeza, na mwishoni waigizaji wote wanapunga mkono huku maandishi yakisema umekuwa ukiwatazama akina fulani, mtindo uliochukuliwa moja kwa moja kutoka Dad's Army na ndugu zake. Wapo waliosema hii ni ya watoto. Msimu wa tatu ulihamishiwa BBC One yenyewe, kituo chao kikuu.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote ni Mrs Brown's Boys. Brendan O'Carroll, mtu wa Dublin, alianza na huyu Agnes Brown kwenye redio ya Ireland mwaka 1992, baadaye vitabu, jukwaa, DVD, mpaka prodyuza mmoja wa BBC alipoenda kutazama onyesho lao Glasgow akaona watu wanavyogaragara. BBC One wakaanza kuirusha Februari 2011, inarekodiwa hukohuko Glasgow. O'Carroll anavaa wigi, sweta na aproni, anakuwa mama mjane wa Dublin mwenye mdomo mchafu na watoto wakubwa anaowafuatilia kila kitu. Na wanaoigiza naye ni familia yake hasa, mke wake Jennifer Gibney anacheza Cathy binti wa Agnes, dada yake Eilish anacheza Winnie rafiki wa Agnes, mwanawe na bintiye wamo.

Ukitaka kuona mgawanyiko ulivyo, tazama vitu viwili tu humo. Kwanza Agnes anaweza kuondoka jikoni akaenda seti ya pembeni kwa kupita mbele ya kamera nyingine, unawaona mafundi, unaiona studio, hamna anayejifanya kwamba ile ni nyumba. Pili makosa yanaachwa. O'Carroll anaongeza neno ambalo halipo kwenye skripti ili amvuruge mwenzake, mwenzake anashindwa kujizuia, mabega yanatikisika, anageuza uso, watu studio wanapiga kelele, na yote hayo yanarushwa. Anayeipenda anakwambia hapo ndo patamu, anajisikia yupo ndani ya ule ukumbi na familia inacheza mbele yake. Anayeichukia anatazama dakika hiyohiyo na kusema hawa wamelipwa afu wanajichekesha wenyewe. Kitu kimoja, macho mawili, na hamna utakachowaeleza wakabadilishana.

Mwaka 2012 ikachukua tuzo ya BAFTA, ile kubwa ya filamu na runinga kwao, ya sitkomu bora. Mwaka 2013 ndo ilikuwa kipindi kilichoongoza kwa watazamaji Uingereza siku ya Krismasi. Mwaka 2014 wakatoa filamu, wachambuzi wakaichana vipande na bado ikakaa namba moja kwenye majumba ya sinema. Mwaka 2016 wasomaji wa Radio Times, jarida lao la ratiba za runinga, wakaipigia kura kuwa sitkomu bora ya Uingereza ya karne ya 21, The Office ikashika namba mbili, na hapo ndo ikawa kasheshe, watu walilipokea tokeo lile kama kura imeibwa. O'Carroll amewahi kusema kwamba anawatengenezea watazamaji ambao komedi iliwasahau, na kwa hilo simpingi. Sehemu kubwa ya wanaoamua kipi kizuri wapo London, wamesoma vyuo vilevile, na hili ni onyesho la Ireland linalorekodiwa Scotland lenye utani wa baa na kumpiga babu sinia la kichwa. Halafu mwanaume kuvaa gauni na kuwa mama mtu mzima kwao ni desturi ya zamani ya michezo ya Krismasi, hata sisi tunamjua mchekeshaji wetu Joti akivaa gauni na hakuna anayeshtuka.

Kuna ugomvi mwingine unaojificha chini ya huu na huo si wa kamera wala meza. Mtu akisema "inanikumbusha sitkomu za zamani" mwingine anasikia joto la sebuleni kwao utotoni, na mwingine anakumbuka nani alikuwa anachekwa. Mind Your Language ya mwaka 1977 wengi wetu Afrika Mashariki tumeiona, kwa kanda za video au YouTube, darasa la Kiingereza la wageni, Mhindi yule, Mchina yule, Mfaransa yule, na tulicheka. Huko kwao bosi wa vipindi wa kituo, Michael Grade, aliifuta mwaka 1979 kwa sababu aliona inawadhalilisha watu kwa mataifa yao. Kwa hiyo sitkomu yoyote mpya inayorudisha ile sura inarudi na hilo swali mgongoni. Na wakati mwingine swali linajibiwa vibaya, mwaka 2024 mazoezi ya kipindi cha Krismasi cha Mrs Brown's Boys yalisimamishwa na O'Carroll akaomba radhi kwa utani uliogusa ubaguzi wa rangi.

Ila umbo na tabia ni vitu viwili. Kate & Koji ilianza ITV Machi 2020, Brenda Blethyn ni mama mwenye mgahawa wa zamani kwenye mji wa pwani, mdomo mkali, na anayekuja kukaa humo kwa muda mrefu na kikombe kimoja ni daktari kutoka Afrika, muomba hifadhi, ambaye sheria haimruhusu kufanya kazi, kwa hiyo anatibu watu kimyakimya pale mezani na mama anapata wateja. Huyo daktari ndo Koji, msimu wa kwanza ni Jimmy Akingbola, wa pili mwaka 2022 akaja Okorie Chukwu. Ukiiangalia kwa sura ni kaunta, viti, mlango wenye wateja wa vituko, hadhira inacheka, ya mwaka 1979 kabisa. Ukisikiliza kinachosemwa ni habari ya leo, na daktari ndo mwenye akili kuliko wote mle ndani, anajivuna hadi anakera. Walioandika ni Andy Hamilton na Guy Jenkin, walewale waliotengeneza Outnumbered mwaka 2007, sitkomu ya kisasa isiyo na kicheko ambayo wachambuzi waliipenda. Mikono ileile. Wapo waliotazama dakika tano, wakasikia vicheko, wakaondoka bila kufika kwa daktari.

Na maoni ya wiki ya kwanza mi siyaamini sana, ya upande wowote. Dad's Army kabla haijaanza mwaka 1968 ilionyeshwa watu wa majaribio na wengi hawakuipenda, David Croft aliyekuwa anaitengeneza akaifichaficha ile ripoti. Skripti ya Fawlty Towers msomaji mmoja wa BBC aliiona ni mkusanyiko wa mambo yaliyochakaa, na ilipotoka mwaka 1975 gazeti moja likaandika kwamba haina vichekesho vya kutosha. Usije ukageuza hili kuwa kanuni kwamba kila inayotukanwa itakuja kupendwa lakini. The Wright Way ya Ben Elton mwaka 2013, BBC One, yenye watu studio na kila kitu, ilitukanwa, ikaisha baada ya episodi 6 na hamna anayeidai irudi. Na upande wa pili, Gavin & Stacey haina kicheko kabisa na episodi yake ya mwisho Krismasi ya 2024 ilikusanya watu milioni 12.3 usiku uleule, bibi na mjukuu kochi moja. Kwa hiyo wanaosema watu wa kawaida wanataka kicheko cha studio ndo wacheke nao wanazidisha.

Mrs Brown's Boys bado ipo, Krismasi inatoka, mwaka 2023 walipewa hata msimu mdogo wa episodi 4. Ila watazamaji wa Krismasi wameshuka sana ukilinganisha na ile miaka ya 2012 na 2013. Miaka zaidi ya kumi ya kutukanwa haikuipunguzia kitu, maana waliokuwa wanatukana hawakuwa wanaitazama. Waliopungua ni walewale waliokuwa wanaipenda, polepole, bila kuandika malalamiko popote.